Tiketi Mbili za Balkoni

Tulipomwacha Bernadeta, mkono wa mumewe ulikuwa umepenya kwenye tundu la dirisha la tiketi.

Kama hukuwa nasi, usihangaike, mambo yenyewe ni machache. Bernadeta anauza tiketi katika sinema ya Rubi, katikati ya mji wa Mwanza, kazi aliyoianza baada ya mumewe kuondoka. Mumewe, Malimi, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kikafungwa, kama vilivyofungwa vingi tangu biashara iachiwe huria, naye akaaga kwamba anakwenda machimboni kutafuta dhahabu na atarudi kabla ya masika. Mvua za masika zimekuja na kuondoka mara nne. Barua hakuna, salamu hakuna, wala mtu wa kusema nimemwona mahali fulani.

Kibanda cha tiketi hakimwonyeshi Bernadeta sura za watu. Kioo kilizibwa kwa mbao kwa kuogopa wezi, likabaki tundu la kupitisha fedha na tiketi. Kwa hiyo Mwanza anaijua kwa mikono. Mikono ya wavuvi ina makovu ya kamba. Ya makarani ina wino. Na mkono ule, uliokosa pingili ya juu ya kidole cha shahada, aliujua kuliko yote, maana siku mashine ilipokila kile kidole ni yeye aliyekiosha na kukifunga.

"Mbili," sauti ilisema huko nje. "Za balkoni."

Sauti ilikuwa yake. Imekwaruza kidogo, kama ya mtu aliyemeza vumbi la mawe, lakini yake.

Wewe msomaji ungepiga yowe. Bernadeta hakupiga. Alichana tiketi mbili, akazisukuma tunduni, vidole vyao vikagusana. Mkono ule ulisita. Kisha ukazichukua tiketi, ukaondoka, na mwingine ukaingia mahali pake, mnene, wenye pete ya shaba.

Jina la Malimi lilikuwa limemfika kooni likakwama. Kilicholikwamisha ni lile neno mbili. Mtu aliye peke yake hanunui tiketi mbili.

Kutoka nje hakuweza. Foleni ilikuwa imekunja kona, watu wanasukumana, na meneja, Alexander, amesimama nyuma ya kiti chake akimhimiza afanye haraka. Jumamosi ile ilikuwa siku ya Alexander. Alikuwa ameingoja kama mtu anayengojea matokeo ya hospitali.

Filamu ilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hapa mjini hakuna aliyelimaliza bila kujikwaa. Watu waliiita Daraja tu, kwa sababu ya bango lake: daraja limekatika katikati na treni inaning'inia juu ya maji. Ilisemekana walioitengeneza walijenga daraja la kweli kisha wakalilipua, na kwamba kwa gharama ile ungejenga hospitali katika kila wilaya ya mkoa huu ukabakiwa na chenji. Alexander aliuza pikapu yake ili aikodi kutoka Dar es Salaam ikiwa bado mpya. Vibanda vya video vilikuwa vimemmalizia watazamaji, na mwenye jumba ameshamweleza kwamba kuna walokole wanaolitaka kwa ibada. Daraja likijaza Rubi kwa wiki nzima, Rubi itabaki sinema. Lisipojaza, bango linashushwa na msalaba unapanda.

Basi Jumamosi ile Daraja lilijaza. Watu walitoka Igoma na Buhongwa. Wengine walivuka kwa kivuko cha Kamanga na nguo zao za kanisani. Kibao cha kuandika kwamba nafasi zimekwisha kilitafutwa stoo, kikakutwa kimeliwa na mchwa, ikabidi Alexander aandike kingine kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Alipokitundika alikuwa anatabasamu peke yake.

Bernadeta alifunga dirisha, akafungua mlango wa kibanda, akakimbilia kwa Kashindye, mzee anayechana tiketi mlangoni. Akamuuliza kama amemwona mwanaume mwenye kidole kilichokatika, na kama alikuwa na mtu.

Kashindye alimwambia asimwonee. Leo amechana tiketi kama mtu anayechambua mchicha, sura hata moja haikumkaa akilini.

Akapanda balkoni.

Ndani kulikuwa giza, na filamu imekwishaanza. Akasimama chini kabisa ya ngazi za balkoni, mgongo wake ukiwa umeelekea pazia la picha, akawatazama watu. Kila bomu lilipolipuka mwanga uliwapiga usoni, akapata nafasi ya kupitia safu mbili tatu, kisha giza likarudi. Akangoja bomu jingine.

Hebu fikiria jumba zima limejaa, watu wanacheka, wanashangilia, wanamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na mwanamke mmoja tu ameipa filamu kisogo. Kijana mmoja alimwambia akae chini, anawaziba. Akainama. Akaendelea kutafuta akiwa ameinama.

Daraja lenyewe lilipovunjika, balkoni yote ilisimama. Hakuona tena sura, aliona vifua.

Taa zilipowaka akashuka mbio akasimama mlango mkubwa. Watu walimpita kama maji ya mto, wanasimuliana, wanaigiza milio ya bunduki. Aliitazama mikono yao yote iliyopita chini ya macho yake. Mkono wa Malimi haukuwemo. Rubi ina mlango wa pembeni pia, na mtu mmoja hawezi kusimama milango miwili.

Alirudi nyumbani Mabatini, akapika ugali wa mtu mmoja, akakaa mbele yake bila kuugusa. Kwa miaka hii yote alikuwa amezoea kujiambia kwamba Malimi amekufa au ameshindwa kurudi. Yote mawili yalimuuma, lakini alishajua namna ya kulala nayo. Sasa alikuwa na jambo la tatu, na hili hakujua alilalie ubavu gani.

Kuanzia siku ile Bernadeta aliombea filamu.

Alexander aliiombea kwa sababu ya jumba. Yeye aliiombea kwa sababu Malimi alipenda picha za kupigana kuliko chakula. Walipokuwa wachumba aliweza kuangalia picha moja mara tatu. Kama kuna kitu kitakachomrudisha kwenye tundu lile, ni Daraja, na Daraja likiondoka Mwanza, tundu nalo linakufa.

Jumapili watu walijaa tena. Jumatatu zilijaa safu za nyuma tu. Alimwomba Alexander amwache akachane tiketi mlangoni badala ya Kashindye, aone watu usoni. Alexander alishangaa, akamjibu kwa upole kwamba dirishani hana mwingine wa kumwamini. Hakumwuliza kwa nini anataka sura za watu, naye hakumweleza. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu bila kuulizana mambo ya nyumbani.

Jumanne waliokuja walikaa mbalimbali kama watu waliogombana.

Jumatano Kashindye alikuja na habari. Kirumba kuna kibanda cha video kinaonyesha Daraja. Mkanda umetoka Nairobi, umepita mpakani Sirari ndani ya mzigo wa mitumba.

Alexander alitaka kwenda kuliona kwa macho yake, akamwomba Bernadeta amsindikize. Bernadeta alikubali haraka kuliko alivyotarajiwa. Alikuwa na hesabu yake: penye Daraja ndipo alipo Malimi.

Kibanda kilikuwa cha mabati na magunia, kimebanana na mtaro. Ndani watu wamekaa kwenye mabenchi, magoti yao yanagusa migongo ya wenzao. Televisheni ilikuwa ndogo, picha inacheza, rangi zimechuja. Kando yake alisimama mwanaume mwenye kipaza sauti, anawaeleza kwa Kiswahili kila neno analosema stelingi, na pale asipolielewa anatunga lake. Watu walikuwa wanacheka hadi machozi.

Bernadeta alipitisha macho kwenye mabenchi yote. Hakuwepo.

Daraja lilivunjika. Kwenye ile televisheni lilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Watu walishangilia vilevile.

Walipotoka, Alexander aliruka mtaro akashika njia ya kurudi mjini. Akasema, "Wameshaliona daraja, Bernadeta. Nani atalipa tena aje kuliona likivunjika?"

 Bernadeta angemwambia nini? Kwamba pale Rubi linavunjika kubwa zaidi? Alexander alilijua hilo, na ndilo lililomfanya auze pikapu.

Alhamisi na Ijumaa hata vichwa havikuhitaji kuhesabiwa, ungeviona vyote kwa mara moja. Bernadeta alikaa kwenye kibanda chake akiliangalia tundu. Nje palisikika mwuza kahawa akigonga vikombe, na sauti ya gari la matangazo la kampuni ya sabuni. Kuna nyakati aliinamisha kichwa akachungulia kupitia tundu, akaona kipande cha barabara na miguu ya watu wanaokwenda zao. Alikuwa hajawahi kuchungulia hivyo kabla.

Jumapili iliyofuata, onyesho la saa nane mchana, aliuza tiketi tatu. Wawili walikuwa vijana waliotaka kivuli. Wa tatu alikuwa mlevi.

Kashindye aliuliza kama waahirishe. Alexander alisema hapana, waliolipa waonyeshwe. Alikuwa ameshakwenda kuonana na mwenye jumba asubuhi ile baada ya misa, na jibu alikuwa nalo mfukoni bila kulitamka. Mafundi wa kung'oa viti wangekuja kesho. Akawaambia hivyo wote wawili, pale mlangoni, kwa sentensi moja, kisha akaingia ndani akakaa kiti cha katikati, chini, peke yake, kulitazama Daraja lake kwa mara ya mwisho.

Bernadeta alirudi kibandani. Hakuwa na kazi tena, lakini hakujua pengine pa kwenda.

Hapo ndipo mkono ulipoingia tunduni. Mkono wa mwanamke, mwembamba, wenye alama za moto kama za mtu aliyezoea sufuria kubwa. Haukuwa na fedha. Ulikuwa umeshika kipande cha tiketi iliyochanwa.

"Shikamoo dada," sauti ilisema, kwa Kiswahili kizito cha watu wa Mara. "Samahani. Wewe ndiye uliyekuwa hapa Jumamosi ile ya kwanza?"

Bernadeta alikitazama kile kipande. Kilikuwa cha balkoni.

"Marahaba. Ni mimi."

"Namtafuta mtu. Nilikuja naye. Labda ulimwona, yeye ndiye alinunua tiketi."

 Bernadeta alimwambia angoje. Akafunga dirisha, na kwa mara ya pili tangu Daraja lije akafungua mlango wa kibanda na kutoka kwenda kuiona sura ya mtu.

Alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kama kumi na mitano, mrefu, kitambaa chekundu kichwani, kikapu mkononi na khanga imefungwa juu ya tumbo lililoanza kutokeza. Alisema anaitwa Perez, kwao ni Shirati. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Umekula?" Bernadeta alimuuliza.

Perez aliangalia chini. Ndivyo walivyojikuta kwa mama ntilie nyuma ya sinema, sahani moja ya wali na maharage katikati yao, Perez akila na Bernadeta akisikiliza.

Perez alikuwa anauza chakula machimboni, upande wa Tarime. Huko ndiko alikokutana na mwanaume wa Kisukuma, mpole, anaitwa Malimi. Waliishi pamoja. Shimo lao lilipojaa maji waliamua kuja Mwanza kutafuta chumba na kazi, mtoto azaliwe mahali penye hospitali. Walikuwa hawajamaliza hata siku mbili mjini, wamelala nyumba ya wageni, Malimi akasikia gari la matangazo likitangaza Daraja. Akafurahi kama mtoto. Akasema lazima waione.

"Lakini tulipopata tiketi akabadilika," Perez alisema. "Tumekaa juu, hatazami picha. Ananiuliza, Perez, ukiona mkono wa mtu bila uso, unaweza kumjua? Nikacheka. Nikamwambia atazame picha. Akasema anakwenda kununua karanga."

"Halafu?"

"Mpaka leo ananunua karanga."

Alikuwa amemngoja nyumba ya wageni hadi akiba ikamwishia. Alikuwa amezunguka sokoni, stendi, na kwenye gati la kivuko. Asubuhi hii ametoka na kikapu chake, na mahali pa mwisho alipobaki napo ni pale alipomwona mara ya mwisho.

Bernadeta alisogeza kikombe cha maji karibu na mgeni. 

"Huko kwao hana ndugu? Hana mke?" aliuliza.

"Mke alikuwa naye. Alifariki. Malaria." Perez aliacha kula kidogo. "Alimpenda sana, dada. Akilewa anamlia. Anasema hakuna aliyemjua kama yule marehemu."

"Alizikwa wapi?"

"Magu, kwa wazazi wake. Alisema kaburi alilijengea kwa saruji mwenyewe."

Kwa mama ntilie palikuwa na kelele, watu wanaitisha chai, redio inatangaza mpira. Bernadeta alikaa katikati ya kelele zile akisikiliza habari za kaburi lake. Alitaka kucheka, na alijua akicheka hatanyamaza. Kilichomchoma zaidi hakikuwa uongo. Kilikuwa kwamba alililiwa. Miaka yote minne, yeye akimlilia Malimi Mabatini, Malimi naye alikuwa akimlilia yeye machimboni, na hapakuwa na maiti hata mmoja.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Neno lilikuwa fupi: marehemu ni mimi. Aliutazama uso wa Perez, akalitazama lile tumbo, akaona jinsi alivyokuwa anakusanya punje za wali kwa kidole ili zisipotee.

Akalimeza neno.

Usimlaumu. Wala usimsifu. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Alijiambia kwamba Malimi atamtafuta mmoja wao, na wakiwa pamoja hatakuwa na wa kumkimbia. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine alilolionea haya: duniani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeweza kuongea naye habari za Malimi jioni nzima, na mtu huyo alikuwa anakula wali mbele yake.

Akamwambia Perez kwamba ana chumba, si kikubwa, lakini kitanda kinatosha wawili.

Perez aliweka kijiko chini. Alishukuru kwa Kijaluo kwanza, kisha kwa Kiswahili, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Walipopita mbele ya Rubi, bango la Daraja lilikuwa limeshashushwa na kuegeshwa ukutani. Ndani bado milipuko ilisikika. Alexander alikuwa hajatoka.

Walipandisha Mabatini taratibu, kati ya mawe na nyumba zilizojibanza juu yake, wakipumzika kila Perez alipoishiwa pumzi. Bernadeta alibeba kikapu. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Njiani Perez alimsimulia jinsi Malimi alivyokuwa anaimba akichota maji, na Bernadeta akashtuka kujikuta anatabasamu, kwa sababu wimbo ule aliujua. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke alikuwa anarudi nyumbani na mtu.

Uani walimkuta jirani yake, Tereza, aliyehamia pale Malimi akiwa ameshaondoka, anapembua mchele. Tereza alimkaribisha mgeni, akasogea apate kukaa. Perez alibaki amesimama, akishika kiuno.

Kisha Tereza akamgeukia Bernadeta, akashusha sauti, lakini si kiasi cha kutosikika.

"Ufunguo ulioniachia nimeutumia, usinigombeze," alisema. "Nisingeweza kumwacha mtu mzima juani. Yumo ndani tangu mchana. Anasema yeye ni mume wako."

Mlango wa Bernadeta ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa.

 Kikapu kilimzidi Bernadeta uzito, akakiweka chini.

Aliyesema ni Perez. Uso wake wote ulikuwa umefunguka, kwa furaha ya mtu anayeona kwamba aliyemsaidia naye ana wa kwake.

"Dada, kumbe shemeji yupo. Mbona hukuniambia?"

Akakaza kitambaa kichwani, akajitanda khanga vizuri kama inavyompasa mgeni, akatangulia mlangoni kabla Bernadeta hajanyoosha mkono.

"Hodi," alisema.

Ndani, kiti kilisogea.